Usimpe Mtu Yeyote

Meseji ya kwanza iliingia Jumatatu, saa nne asubuhi, Mzee Yasser akiwa juu ya ngazi anamtafutia mteja zipu ya kijani kibichi. Alishuka taratibu, akavaa miwani, akasoma: Namba yako ya uthibitisho ni 739214. Usimpe mtu yeyote.

Basi. Juu yake jina la Kizungu asilolijua, hakuna salamu. Akairudia midomo ikicheza, kisha akamgeukia mteja, fundi cherehani mmoja mwanamke wa Ilala, akamwuliza kama na yeye ametumiwa.

"Mimi nimekuja kwa zipu tu, ami," alisema yule mama.

Duka la Mzee Yasser bin Muaz liko Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, jembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene hawapishani. Aliachiwa na baba yake, na mpaka leo linauza vilevile vitu vidogovidogo: vifungo, zipu, lastiki, bitana, uzi, kulabu za sidiria. Mpe kifungo gizani, atakwambia kwa kidole kama ni cha koti au cha shati. Ana miaka sitini na tatu na hakuna kitu cha dukani mwake kinachomshinda. Simu ndiyo inayomshinda.

Na tatizo ni kwamba wiki moja kabla, binti yake wa mwisho, Huda, anayefanya kazi maabara kwenye zahanati moja ya Upanga, alikuwa amemletea laini mpya ya duka, ili wateja wasiendelee kumpigia kwenye namba ya nyumbani. Siku hiyohiyo akamwekea ulinzi kwenye barua pepe na kwenye ukurasa wa duka, kwa sababu jirani yao Zamda alishaibiwa ukurasa wake, na wezi wakawa wanatangaza simu za bandia kwa jina lake. "Baba," Huda alimwambia, "kuanzia leo mtu akitaka kuingia kwako, nenosiri peke yake halitoshi. Itatumwa namba kwenye simu. Bila namba hiyo, haingii." Mzee Yasser aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kwa hiyo zilipoingia namba sita zile, alijua ni zake. Asichojua ni za kufanyia nini. Hakuwa ameomba kuingia popote. Akaona labda ni kama kidonge, ukipewa unameza. Akafungua ukurasa wa duka, akaziandika mahali pa kutafuta. Ukurasa ukamletea picha za watu asiowajua. Akajaribu kwenye barua pepe. Mpaka adhuhuri zilikuwa zimeingia meseji tatu, kila moja na namba zake, na zote zikimwonya asimpe mtu yeyote. Akajaribu kufungulia kioo cha simu chenyewe. Simu ikamjibu kuwa amekosea mara nyingi, asubiri sekunde thelathini. Akasimama palepale akizitazama sekunde zinavyoshuka, kama anayesubiri majibu ya vipimo.

Huda alipita saa kumi jioni akitoka kazini. Akasoma meseji zote tatu, na uso wake ukabadilika.

"Baba, hizi si zetu."

"Si zetu vipi? Zimekuja kwangu."

"Zimekuja kwenye namba yako, lakini akaunti si yako. Angalia hili jina juu, huu ni mtandao wa kuhifadhi picha na video. Wewe huna akaunti huku."

"Sasa kama sina, wananipa funguo za nini?"

Huda akavuta kigoda. Akaeleza polepole kwamba kuna mtu mahali fulani anajaribu kufungua akaunti ambayo mlango wake una kufuli mbili. Kufuli ya kwanza ni nenosiri, na ya pili ni hizi namba sita. Kwa sababu asiyoijua, kufuli ya pili imeunganishwa na namba ya Baba.

"Kwa hiyo mimi ni kufuli?"

"Wewe ni kufuli, Baba. Na mtu akikupigia akakuomba hizo namba, usimtajie hata moja. Hata akisema yeye ni nani. Wezi wanaanza hivyohivyo."

Usiku ule nyumbani Magomeni, Mzee Yasser alikula wali wake kimya. Mkewe Nasreen alipomwuliza ana nini, alimjibu kwamba amekuwa kufuli ya mlango wa mtu asiyemfahamu. Nasreen akamwongezea mchuzi.

Jumanne saa tano simu ikaita.

"Shikamoo, mzee wangu." Sauti ya kijana, laini, ya kuelewana na watu.

"Marahaba."

"Mzee, unaongea na Ridhiwani, kutoka ofisi ya usalama wa mitandao. Samahani kwa usumbufu. Kuna kodi imeingia kwako kimakosa."

Mzee Yasser akakaa vizuri. "Kodi yangu mimi nimelipa. Risiti ninayo hapa."

"Hapana mzee, si kodi hiyo. Kodi ya namba. Namba sita."

"Aa." Kalamu alikuwa ameshaishika, na kipande cha boksi alichoandikia namba mpya zilizoingia dakika chache kabla kilikuwa mbele yake. Mtu mwenyewe ana adabu, kaamkia, ametaja ofisi. Na kama ziliingia kimakosa, si ni haki kumrudishia mwenyewe? Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema "nane" ndipo akakumbuka uso wa Huda.

"Meseji imesema nisimpe mtu yeyote," alisema.

"Ni kweli kabisa, mzee, hongera kwa umakini. Lakini sisi si mtu yeyote. Sisi ndio tuliotuma."

"Kama mmetuma nyie, si mnazijua?"

Sauti ikapoteza ulaini wake. "Mzee, usipotoa ushirikiano hii laini itafungiwa."

Mzee Yasser akakata simu. Akatoka mpaka mlango wa pili, kwa Zamda anayeuza madera, akamsimulia. Zamda akampigia makofi. "Umewaweza, ami! Kesho watakuja na sura nyingine, we subiri. Mimi walinipigia wanne kwa zamu, wote eti wa ofisi moja."

Na kesho yake kweli, sura nyingine ilikuja.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Shikamoo, baba. Naitwa Celina, nipo Buguruni. Nakuomba sana usikate."

Mzee Yasser hakuitikia, lakini hakukata.

"Hiyo namba unayotumia ilikuwa ya mume wangu. Beno Pius. Alikuwa dereva wa lori, anakwenda Tunduma. Alifariki kwa ajali mwaka jana, na simu yake ikateketea hukohuko." Alikuwa anaongea harakaharaka, kama aliyezoea kukatiwa. "Laini ilisajiliwa kwa alama zake za vidole, mimi sikuwa na akili ya kuishughulikia, nilikuwa msibani. Nilipokuja kuamka namba imeshakufa. Juzi naipiga, nasikia inaita. Nilishtuka, baba. Nilidhani ni yeye."

"Unataka nini?" alisema Mzee Yasser, ingawa alijua.

"Kuna video. Kila alikosimama njiani alikuwa anamrekodia mtoto. Chalinze, Mikumi, Makambako. Zote ziko kwenye akaunti yake, nenosiri ninalo, alinipa mwenyewe. Lakini kila nikiingia wananiambia namba imetumwa kwenye simu yake. Simu yake ndiyo yako, baba."

"Na mtoto ana umri gani?"

"Sita. Anaitwa Tusa. Baba, mwanangu ameanza kusahau sauti ya baba yake. Jana kaniuliza kama ilikuwa nzito au nyembamba."

Hapo akaanza kulia, na si kilio cha sauti. Mzee Yasser alisikia pumzi tu zikikatika. Akautazama ukuta wake wa vifungo, mamia ya vifungo kwenye vijisanduku vyake, na kichwa chake kikawa kama mtu amevimwaga vyote sakafuni. Jana mwanamume wa ofisi. Leo mwanamke mfiwa. Wote wawili wanataka kitu kilekile. Kama wa jana ni mwizi, wa leo ni nani? Na kama wa leo anasema kweli, wa jana alijuaje?

"Kuna mwenzako alinipigia jana," alisema. "Ridhiwani."

Kimya. Kimya kirefu kuliko inavyotakiwa.

"Baba, huyo..." alianza Celina.

Mzee Yasser akakata. Kwake kimya kile kilitosha. Lakini alipoweka simu mezani hakujisikia kama mtu aliyemweza mwizi. Alijisikia kama mtu aliyefunga mlango na kubana vidole vya mtu.

Zamda hakuwa na shaka hata kidogo. "Hao wanalia kwa zamu, ami. Yupo wa vitisho, yupo wa machozi. Hata mtoto wangekupa umsikilize."

"Lakini kaitaja Makambako."

"Makambako si ipo kwenye ramani?"

Ilikuwa kweli, ipo kwenye ramani. Mzee Yasser akarudi dukani, akampimia mteja mita tatu za lastiki, akampa nne.

Alhamisi hakuna meseji iliyoingia, wala hakuna aliyepiga kuuliza namba. Hilo nalo likamsumbua. Angekuwa mwizi, angeacha upesi hivyo? Au mwizi ndiye anayeacha upesi, akahamia kwa mwingine, na mwenye shida ya kweli ndiye anayeng'ang'ana? Au mwenye shida ya kweli, ukimkatia simu analia, hapigi tena? Kila alipolishika upande mmoja, upande wa pili ulimponyoka. Alimpigia Huda mara mbili kazini, na mara zote Huda alimjibu jibu moja: "Baba, usitoe namba kwenye simu. Basi. Mengine yote hayatuhusu."

Saa nane mchana, ametoka tu kuswali, simu ikaita. Namba mpya. Alipokea akiwa amejiandaa kufoka.

"Weee Beno! Mwanaharamu mkubwa we, umenitupa kabisa!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume wa makamo, ya juu, nyuma yake kuku na injini ya gari kubwa.

"Si Beno," alisema Mzee Yasser. "Umekosea namba."

"Acha mizaha yako. Mwaka mzima hupiti, hupigi. Nilikuwekea viazi vyako mpaka vikaota. Mama Tusa hajambo?"

Mzee Yasser akaibana simu sikioni. "Umesema mama nani?"

"Mama Tusa, mkeo! Beno, umelewa saa hizi?"

"Ndugu yangu, nisikilize. Mimi naitwa Yasser, nina duka Kariakoo. Hii laini haijatimiza hata wiki mbili kwangu. Wewe uko wapi?"

"Makambako," alisema yule mtu, sauti imeshuka. "Nina kibanda cha chakula hapa stendi ya malori. Beno akilala hapa, analala kwangu. Sasa yeye amebadilisha namba? Nipe hiyo mpya."

Mzee Yasser alifungua mdomo. Maneno yaliyotoka aliyasikia yeye mwenyewe kama anasemewa na mtu mwingine.

"Ndugu yangu, pole sana. Beno amefariki. Alipata ajali mwaka jana."

Kuku waliendelea kulia. Gari likazimwa. Yule mtu wa Makambako akauliza, taratibu kabisa, "Nani amekwambia?"

Na hapo ndipo Mzee Yasser alipokwama. Amwambie nini? Kwamba ameambiwa na mwanamke aliyemwita mwizi, akamkatia simu? Kama hakumwamini, kwa nini ametoa taarifa ya msiba kwa maneno yake? Unampaje mtu habari za kifo cha rafiki yake na wewe mwenyewe umekataa kuzipokea?

"Mkewe," alisema mwishoni. "Mkewe ndiye aliyeniambia."

"Inna lillahi," alisema yule mtu, kisha, kwa sauti ya kuvunjika, "Beno wangu jamani." Simu ikakatika.

Mzee Yasser alikaa na simu mkononi. Mteja aliingia, akasubiri, akatoka. Alipokwenda kumweleza Zamda, Zamda alifikiri kidogo, akasema hata huyo anaweza kuwa mwenzao, wamempanga. Lakini safari hii alisema bila kumtazama usoni, huku akikunja dera ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Mzee Yasser akampigia Celina.

"Mimi ni yule wa namba," alisema. "Namba kwenye simu sikupi. Lakini njoo na karatasi zako, na simu yako, na mtoto. Tukutane mchana, mahali penye watu. Nami nitakuja na binti yangu, ndiye anayejua mambo haya."

Walikubaliana uwanja wa Mnazi Mmoja, Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye mabenchi upande wa Mtaa wa Lumumba. Huda alikasirika kwanza. Baadaye akasema afadhali hivyo kuliko Baba aende peke yake.

Siku ile uwanjani kulikuwa na vijana wa mazoezi na watu wanaokatiza kwenda mjini. Celina alikuwa ameshafika. Mwanamke mrefu, mwembamba, gauni la kitenge, mkoba kaukumbatia kifuani. Pembeni yake mtoto wa kike wa nywele fupi alikuwa anaruka mistari ya saruji kwa mguu mmoja. Na nyuma ya benchi amesimama kijana mwenye begi dogo la mgongoni.

"Shikamoo baba, shikamoo dada," alisema Celina, akisimama.

"Shikamoo mzee wangu," alisema yule kijana.

Mzee Yasser akarudi nyuma hatua mbili. Sauti ile. Laini, ya kuelewana na watu.

"Huda! Ni yeye! Huyu ndiye wa ofisi! Ridhiwani!"

Watu waliokuwa wanapita wakageuka. Huda akamshika baba yake mkono na kumvuta. "Tunaondoka," alisema. "Baba, tunaondoka sasa hivi. Hawa wanakuwa pamoja."

"Dada subiri!" Celina akawa anamtazama Ridhiwani, halafu Mzee Yasser, halafu Ridhiwani tena, na kwa jinsi alivyokuwa anatazama, Mzee Yasser aliona kwamba huyu mama naye amepotea kama yeye. "Ofisi gani? Ridhiwani, ulimwambia nini baba wa watu?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mtoto akaacha kuruka.

Ridhiwani alikuwa fundi simu wa Mtaa wa Aggrey. Celina alimpelekea simu yake kumwomba amsaidie kuingia kwenye akaunti ya marehemu. Yeye ndiye aliyejaribu mara zile tatu Jumatatu. Na alipoona namba zinakwenda kwenye laini inayopatikana, akasema atampigia mwenye laini azungumze naye.

"Kwa nini ulisema ofisi?" aliuliza Celina. "Mimi nilikwambia umweleze ukweli. Siku baba aliponitajia jina lako nilishindwa kuongea, sikujua umempigia kumwambia nini. Na wewe nilipokuuliza baadaye ukaniambia mlielewana."

"Niliona nikimwambia habari za marehemu, mzee ataogopa," alisema Ridhiwani, akiuchokoa mchanga kwa kiatu. "Ukisema ofisi, watu wanatoa haraka."

"Wanatoa haraka!" Huda alimsogelea. "Kwa hiyo unajua kwamba wanatoa. Wezi nao wanasema hivyohivyo, neno kwa neno. Ungemwambia ukweli mzee huyu, juzi tungekuwa tumemaliza. Umemfanya mama wa watu aonekane tapeli."

Ridhiwani alimwomba radhi Mzee Yasser, na Mzee Yasser akaitikia, lakini kichwani mambo hayakukaa. Alikuwa amejiandaa kukuta ukweli au uongo. Hakujiandaa kukuta ukweli uliotanguliwa na uongo, vyote vimekaa benchi moja.

Huda hakutaka kuamini kwa huruma. Aliomba karatasi. Celina akafungua mkoba: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na kile kipande cha plastiki kinachobaki ukishabandua laini mpya, namba imeandikwa, ileile ya Mzee Yasser, tarakimu kwa tarakimu. Huda akavilinganisha vyote na kitambulisho cha Celina.

"Nenosiri unalo?"

"Ninalo."

"Usilitaje. Liandike mwenyewe, kwenye simu yako, sisi tunageuka."

Wakageuka, hata Ridhiwani. Ikapita dakika. Simu ya Mzee Yasser ikatetemeka mkononi mwake.

Namba yako ya uthibitisho ni 180563. Usimpe mtu yeyote.

Wote wakamtazama. Mzee Yasser naye akayatazama maneno yale matatu ya mwisho. Wiki nzima yalikuwa yamemkalia shingoni. Huda ndiye aliyemfundisha kuyatii, na sasa Huda ndiye anayemsubiri ayavunje.

"Baba, zinaisha muda," alisema Huda.

"Imesema nisimpe mtu."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi simpi." Akanyoosha mkono. "Nipe simu yako, mwanangu Celina. Nitaandika mwenyewe."

Akaandika kwa kidole kimoja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Simu ikamkatalia. Alikuwa amesoma meseji ya Jumatatu badala ya ile mpya. Celina akaziba uso kwa viganja. Huda akamwonyesha ya juu kabisa, akaandika tena, lakini muda ulikuwa umepita. Ikabidi iombwe nyingine. Mara ya tatu Huda akazisoma kwa sauti ya chini sikioni mwa baba yake na yeye akazibonyeza, moja, moja, kama anayehesabu vifungo vya gauni la harusi.

Kioo kikafunguka, kikajaa viboksi vidogo vya picha, vingi kiasi cha kushuka na kushuka bila kufika chini.

Celina hakubonyeza chochote. Ni Tusa aliyejipenyeza katikati yao na kugusa kimoja. Mwanamume mwenye kidevu cha ndevu chache akatokea, mbele yake usukani.

"Tusa, mama, leo niko Mikumi," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, kama ya mtu anayetaka kucheka. "Nimemwona tembo, lakini nikitoa simu anaondoka. Nadhani ana deni." Kisha akacheka kweli.

Celina alikaa chini kwenye saruji, si kwenye benchi. Huda aligeuka upande akajifanya anatafuta kitu mkobani. Ridhiwani alikuwa ameondoka hatua kadhaa, mikono mfukoni. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa hana machozi. Alisikiliza mara mbili, uso umekunjamana, halafu akamtazama Mzee Yasser kuanzia kofia mpaka makubazi.

"Babu," aliuliza, "kwa nini baba yangu alikuwa kwenye simu yako?"

Mzee Yasser alifikiri. Alitafuta namna ya kueleza laini, na namba zinazokufa na kuuzwa tena, na kufuli mbili, na akaona kwamba hata akivipanga vyote, swali la mtoto litabaki palepale.

"Hata mimi sijui, mjukuu wangu," alisema. "Alikuwepo tu."

Huda alikaa na Celina karibu nusu saa. Akaitoa namba ya Mzee Yasser kwenye akaunti, akaweka ya Celina. Akamwekea na namba za akiba, zile ambazo ukipoteza simu unaingilia, akamwandikisha kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia alifiche mahali ambapo na mtu mwingine mmoja anayemwamini anapafahamu. Kisha akamwita Ridhiwani, akamwonyesha na yeye, kwa sababu, alisema, wateja kama huyu atawapata wengi pale Aggrey. Kijana alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mawili ya maana.

Kabla hawajaagana, Mzee Yasser alimpa Celina karatasi yenye namba ya yule mtu wa Makambako. "Anaulizia habari zenu," alisema. "Alikuwa amemwekea viazi."

Celina akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Huyo ni Mzee Mwakalinga. Nilikosa pa kumpata. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya Beno tu." Akasita. "Nani alimwambia kuhusu msiba?"

"Mimi," alisema Mzee Yasser. "Nisamehe."

Waliondoka kwa miguu, yeye na Huda, wakikatiza uwanja kurudi Kariakoo. Walipofika barabarani, wakisubiri magari yapite, ndipo Huda alipouliza.

"Baba, kama yule mtu wa Makambako asingepiga, ungefanyaje?"

"Sijui."

"Na alipopiga, ulijuaje kwamba hawakumpanga?"

"Sikujua." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Huda, mpaka tunafika pale benchi sikujua. Mpaka yule kijana amesema shikamoo, ndiyo nikazidi kutojua. Ungeniuliza saa ile, ningekwambia turudi nyumbani."

"Sasa mbona hukurudi?"

Mzee Yasser akatazama nyuma. Kwa mbali Celina na mtoto walikuwa bado wamekaa palepale, vichwa vimegusana juu ya simu.

"Wewe ulikuwa umenishika mkono unanivuta," alisema, "na yule mama akawa anashangaa kuliko mimi. Mwizi hashangai hivyo. Au labda anashangaa, Mungu ndiye anayejua." Akavaa miwani. "Twende dukani, ukanionyeshe hizo namba zangu za akiba ziko wapi. Mama yako naye ajue."

Gari la mwisho likapita, wakavuka.